Kondoo wa Mfalme Hawafi

Tanjavur, mtaa wa wachungaji nje ya lango la kaskazini
Mwezi wa Tai, mpunga ukiwa bado uwanjani

Kwa Sattan, mtoto wa mama yangu, uliyeko Polonnaruva ng'ambo ya maji.

Mdogo wangu, hujambo? Homa imekuacha, au bado inakurudia mvua zikianza? Na ule mguu ulioteguka ulipoanguka kutoka juu ya mkwaju wa jirani, mkwaju ambao mpaka leo unasema ulikuwa umeupanda kutafuta upepo, bado unakuuma? Wifi yangu nisiyemjua hajambo? Na hao wanangu wawili wanakula? Nauliza kwa sababu wewe ulikuwa huli mpaka nikulishe kwa vidole, na ukiniuma vidole nilikuwa nakupiga, na ukilia nilikuwa nalia na mimi. Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yamekuwa ya mtu mwingine, meno yamebaki ya kutafunia tambuu tu, lakini mdomo ni uleule.

Anayeniandikia ni Ekaviri. Huwezi kuwa umemsahau. Ni mmoja wa wale wanawake mia nne ambao mfalme Rajaraja aliwakusanya kutoka mahekalu ya nchi nzima, waje waimbe na kucheza kwenye hekalu lake kubwa, kila mmoja akapewa nyumba yake. Ulikuwa ukipita mtaa wao mara nne kwa siku ukisema unatafuta kondoo aliyepotea. Sattan, hakuna kondoo anayepotea mtaa wa wacheza ngoma mara nne kwa siku. Anacheka sasa hivi, na mvi zimemjaa kichwani. Mimi herufi sikufundishwa, nilifundishwa kondoo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipake poda.

Barua yako ililetwa na mchuuzi wa tambuu. Alisimama mlangoni akauliza kama hapa ndipo kwa dada yake Sattan. Nikamwambia Sattan alikwisha kufa miaka mingi, na kama anamdai kitu akawadai kunguru. Akajibu kwamba Sattan aliyemwacha mwezi uliopita alikuwa anakula wali kwa samaki na kulalamika chumvi. Nikampiga kwa ufagio. Nisamehe, na uniombee msamaha kwake ukimwona. Alipokwisha kujikinga akanipa jani la mvumo lililofungwa kwa uzi, nami nikalikimbiza kwa Ekaviri bila kujifunga nguo vizuri. Alinisomea mara tatu. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nilikasirika, kwa maana mtu mzima mwenye mikono miwili hawezi kukaa miaka kumi na miwili bila kumpa mchuuzi mmoja neno moja.

Ulisema hukuandika kwa aibu, kwa kuwa jeshi liliondoka likakuacha, ukaogopa kuitwa mtoro. Haya. Ulisema ulilala na homa pale kivukoni, wenzako wakakufunika uso wakaenda zao, na mjane mmoja akaja kuchota maji akaona kitambaa kinapanda na kushuka. Mwambie wifi yangu kwamba nitamwosha miguu kwa maziwa akifika. Na ulisema neno lingine, ndilo lililonifanya niandike badala ya kukaa tu na kukusubiri. Ulisema pale chini ya kitambaa ulijiambia, "Taa ya shemeji yangu Kadan bado inawaka, kwa hiyo mimi bado nipo." Na kwamba mwezi wa Panguni, bahari ikitulia, utavuka na mkeo na watoto mje kukaa, na kabla ya kunywa maji, kabla hata ya kuniona mimi, utawapeleka wanao wasimame mbele ya taa ile iliyokutunza.

Basi kuna jambo kuhusu taa hiyo lazima ulijue kabla hujawasimamisha wanao mbele yake. Nitalisema. Ekaviri hataki niliseme. Tumegombana tangu asubuhi. Lakini kwanza upate habari za nyumbani, maana hata ng'ombe wa kuchinjwa hupewa majani.

Mji wako umepungua. Mzee Rajaraja alikufa ungali huku, hilo unalijua. Mwanawe amepeleka majeshi kaskazini hadi kwenye mto Ganga, wakarudi na maji ya mto huo, naye akajijengea mji mpya mbali na hapa, na ziwa, na hekalu linalotaka kufanana na la baba yake. Waandishi wakamfuata, wauza lulu wakamfuata, wasusi wa maua wakamfuata, kama inzi wanavyofuata mtungi wa asali ukihamishwa. Nyumba za mtaa wa Ekaviri tatu kati ya kumi zina popo. Lakini mnara wa baba yake bado umesimama, na asubuhi kivuli chake kinafika mbali sana.

Wewe na marehemu mume wangu Kadan mlikuwa mkimcheka yule mfalme mzee. Mlisema ana ugonjwa wa kuandika. Alipima nchi nzima kwa fimbo, hata kipande cha shamba kisichotosha kuku kutagia kikapata kipimo chake. Kila bangili aliyompa Mungu ikaandikwa ukutani ina lulu ngapi na ngapi zina dosari. Kisha siku ile mchonga mawe alipofika kwenye taa yetu, mliacha kucheka nyote wawili. Nakumbuka. Alichonga kwamba kondoo majike tisini na sita wamekabidhiwa Kadan mchungaji, watoe samli ya taa moja kila siku maadamu jua na mwezi vipo, na kwamba kondoo hao hawafi wala hawazeeki. Maana yake akifa mmoja uweke mwingine, hesabu isimame. Chini yake akachonga jina lako, mdhamini wake. Kadan alipitisha kidole juu ya jina lake asiloweza kulisoma, akasema, "Mke wangu, yule mtu amewaandika wafalme aliowashinda, na sisi wenye harufu ya mbuzi kaandika pia." Alikosea. Sisi harufu yetu ni ya kondoo. Lakini hakulala siku ile kwa furaha.

Aiyaran jirani yetu, aliyekuwa na taa ya upande wa kusini, ameuza nusu ya kondoo wake. Alikuja hapa akakaa, akanywa mtindi wangu, akaniambia kwamba aliyetoa amekufa, mwanawe amehama, nani atakuja kuhesabu? Kwamba mimi mwanamke mzee najisumbua kusuka samli kila alfajiri kama bibi arusi anayeogopa mama mkwe. Nikamwambia, "Aiyaran, mtindi umekwisha, nenda nyumbani kwako." Akasema taa ni taa tu, moja ikizimika Mungu hatajikwaa. Nikamwambia Mungu hatajikwaa, lakini wewe utajikwaa ukitoka hapo mlangoni, kwa sababu nitaweka mguu. Akaenda.

Sasa nikuambie ulivyokufa.

Ulikufa vizuri. Askari wa kundi lenu alirudi akasema aliona kwa macho yake uso wako ukifunikwa. Mwanangu Velan alinyoa nywele. Tulipika, watu walikula, hata wale uliokuwa hupatani nao walikula, tena wao ndio waliorudia. Nilimpa mchonga mawe kondoo dume mzuri akakuchongea jiwe la shujaa, nikalisimamisha kwenye njia ya malisho: mtu na mkuki wake. Pua aliikosea. Nikamwambia pua ya ndugu yangu haiko hivyo, akasema kwa dume mmoja ndiyo pua inayopatikana. Na kila mwezi mwandamo nilikuwekea tonge la wali juu ya paa, kwa maana wafu wetu huja kula kwa mdomo wa kunguru. Alikuja kunguru mmoja mwenye mguu mbovu, mlafi, akiwafukuza wenzake na kunipigia kelele nikichelewa. Nikasema ni yeye huyu, hakuna haja ya kumwuliza kuhani. Nimemlisha miaka kumi na mmoja, Sattan. Nimemsimulia mambo yetu yote. Tangu barua yako ifike namtazama tu, naye ananitazama. Nimeendelea kumpa wali. Si kosa lake.

Haya, nimefika.

Ule mwaka baada ya wewe kuondoka, maradhi yaliingia mazizini. Vidonda vya midomo, kisha kuhara, kisha kondoo anaweka kidevu chini na hanyanyuki tena. Kadan alikuwa amekwisha kufa kabla ya mvua, unajua, ulimbeba mwenyewe hadi mtoni. Kwa hiyo zizi lilikuwa langu. Katika wale tisini na sita nilibaki na hamsini na watatu, na wenye maziwa kati yao walikuwa wanne. Kondoo wako arobaini ulioniachia Velan alikuwa amewapeleka mbali, mwendo wa siku mbili, kwenye mashamba yaliyovunwa, na nilimkataza asiwarudishe maradhi yaishe. Wanne. Maziwa yao niliyasuka, nikapata samli ya kushikilia utambi, siku hadi siku. Sikula samli, sikunywa mtindi. Taa haikulala.

Ndipo mkamwana wangu, mke wa Velan, akajifungua. Mtoto wa kike, mdogo kama paka. Mama yake akashikwa na homa, maziwa yakakauka siku ya pili. Mtaani hakukuwa na mwanamke anayenyonyesha ambaye hakuwa na homa naye. Mtoto alilia siku moja. Siku ya pili yake hakulia, na wewe umekaa na wanyama, unajua kutolia ni nini.

Nilikuwa nimesimama na chungu cha maziwa ya wale kondoo wanne mkononi. Upande huu mpekecho wa kusukia na samli ya mfalme. Upande huu mtoto. Ungedhani nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilichovya kitambaa nikakitia mdomoni mwake, akavuta. Akavuta, Sattan, kwa nguvu, akanikunjia uso kana kwamba nimemchelewesha. Nikampa yote. Kesho yake nikampa yote. Siku ya tatu nikampa yote, nikijua kabisa kwamba kibuyu cha samli hekaluni kimefika chini.

Asubuhi ile Ekaviri alikuja mbio nguo za kuimbia zikiwa bado mwilini. Akasema kwa sauti ndogo, "Nangai, taa ya Kadan imezimika." Kuhani wa zamu alikuwa na jino, alikuwa amelala na shavu limevimba kama embe, hakuona. Nilichukua makaa ya jikoni kwangu, yale yaliyokuwa yanachemsha uji, nikayatia kwenye kigae. Ekaviri akatoa samli ya chakula chake mwenyewe. Mimi ruhusa yangu inaishia mlango wa pili wa hekalu, unajua, kwa hiyo aliingia yeye na makaa yangu ndani ya upindo wa nguo, akaungua tumbo, alama anayo hadi leo, akawasha. Siri ikabaki yetu wawili. Kuanzia siku ile moto unaosujudiwa pale si moto aliouwasha mfalme. Ni moto wa uji wangu.

Mchana huohuo nikamtuma mtu kwa Velan alete kondoo wako. Nisikudanganye: sikusubiri habari za kifo chako. Niliwapiga chapa ya mkuki wa Mungu nikawatia katika hesabu ya mfalme ungali hai, bila ruhusa yako. Siku arobaini baadaye ndipo yule askari akaja na habari ya kivuko.

Nilihesabu siku kwa vidole. Kwa jinsi alivyosema, ilikuwa kama wakati uleule taa ilipozimika. Na wewe kabla ya kupanda chombo ulikuwa umesimama mlango wa pili pamoja nami, ukaapa mbele ya taa ile kwamba ikiwaka upo, nikikutaka niitazame. Basi mimi nilijua. Sikumwambia kuhani wala Velan wala mama wa mtoto. Nilijua kwamba nimemnywesha mjukuu wangu maisha ya ndugu yangu. Miaka kumi na mmoja nikimsuka nywele msichana huyu namwona wewe. Jina lake Kuzhali. Anapiga mluzi kama wewe, mluzi mbaya. Akicheka nacheka, kisha nakwenda nyuma ya zizi. Na jambo lililokuwa linaniua si kwamba nilikosea. Ni kwamba ningerudishwa asubuhi ile na chungu kilekile mkononi, ningempa mtoto tena, na wewe ungekufa tena. Hilo nilimwambia kunguru tu.

Ekaviri anasema acha aje asimame mbele ya taa, alie, afurahi, atajua nini? Taa imemwokoa moyoni mwake, kwa nini umnyang'anye? Nimemwambia yeye ni mtu wa nyimbo, mimi ni mtu wa kondoo. Mnunuzi huangalia meno. Sitawaacha wanao wainamie kitu ambacho shangazi yao anajua si chenyewe. Wewe ulilala chini ya kitambaa ukisema taa inawaka kwa hiyo upo. Huenda siku ileile ilikuwa imezimika, nawe ukawepo vilevile. Sijui ni nani aliyekushika. Labda Mungu. Labda wifi yangu na mtungi wake. Labda ni ukaidi wako tu, maana mama alisema ulizaliwa miguu kwanza. Lakini sikukuua. Niliposikia unalalamika chumvi, ulinishusha mzigo ambao hata mtu aliyenitwika hayupo. Asante. Nilikuwa nimezoea uzito wake, sasa natembea nikiyumba.

Kama umekasirika kwa ajili ya kondoo, kasirika, una haki. Ila kwanza nenda zizini. Nilipowapiga wale arobaini chapa ya Mungu sikuwafutia alama yako, lile pengo la sikio la kushoto. Na kila jike aliyezaliwa na jike wako nimemkata pengo hilohilo kwa kisu chako, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukukumbukia. Nimewahesabu jana na Kuzhali. Tisini na sita wamesimama kama mfalme alivyoandika, na katika hao sabini na mmoja wana sikio lako. Wa mfalme wenyewe karibu wamekwisha. Waliokataa kufa ni wako. Wanaobaki juu ya hesabu, mwaka mzuri kama huu, ni wengi wa kutosha watu wanne kuanza maisha, na chumba cha Kadan nimekipaka samadi na chokaa.

Kuzhali nimemweleza. Nilimwambia kwamba alikunywa taa ya mfalme akiwa na siku tatu. Akauliza ilikuwa na ladha gani. Kisha akaniambia kwamba kuanzia kesho samli atasuka yeye, mimi nikae. Amesuka. Ina mabonge. Taa haikulalamika.

Kwa hiyo njoo. Wapeleke wanao kwenye taa ukitaka, ila waambie ni moto wa jikoni kwa shangazi yao, uliowashwa na mwanamke aliyeungua tumbo. Kisha waje wale. Njia ya malisho utalikuta jiwe lako, lina kinyesi cha ndege kichwani na kondoo hujikunia kwenye mkuki. Usiliogope. Lisukume mwenyewe lianguke kifudifudi, halafu wewe na Velan mlivute hadi uani. Jiwe langu la kufulia limepasuka tangu mvua za mwaka juzi, na la kwako ni kubwa, mgongo wake laini.

Ekaviri anakusalimu, hasemi zaidi ya hapo, ila amejiandika mstari wake mwenyewe pembeni na amekataa kunisomea. Velan na mkewe wanakusalimu. Aiyaran hasalimu. Wabusu wanao vichwani kwa niaba yangu, mshike wifi yangu mkono wakati wa kuvuka, na usiketi upande wa upepo, tumbo lako nalijua.

Nami, niliyekubeba mgongoni na kukuzika na kukupata,
dada yako Nangai